Bimu ya Mlinganishi Mkuu

Kabla sijasema lolote, naomba ieleweke kwamba mimi sina wivu. Katika Jamhuri ya Sawasawa raia hana haja ya kujitafutia wivu wake binafsi, kwa sababu serikali inao wa kutosha na inaugawa bure. Tunayo Wizara ya Ulinganifu, tunayo Sikukuu ya Ulinganifu, na juu ya wote yupo Mtukufu Mlinganishi Mkuu, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anayemzidi mwenzake, isipokuwa yeye, ambaye amekubali kuubeba mzigo huo kwa niaba yetu.

Utaratibu wetu ni mwepesi. Ukinunua kofia, jirani yako anapeleka malalamiko, na hapo ama yeye anapewa kofia, ama wewe unavuliwa yako. Kwa kuwa kofia ni chache, wengi wetu tunatembea vichwa wazi, na amani imetawala. Kwingine nasikia wanasema mwenye wivu ajinyonge. Kwetu mwenye wivu anafunguliwa jalada, na anayeonewa wivu ndiye anayetafuta kamba. Na kwenye nembo ya taifa, chini ya mizani, yameandikwa maneno ya wahenga: Aliye juu mngoje chini.

Sasa amani hiyo ilivurugwa na roshani.

Ng'ambo ya mto iko nchi ya jirani, ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa kwa sababu ni zuri kuliko letu. Mkuu wao alijenga ikulu yenye roshani iliyochomoza nje hewani bila nguzo chini yake, na kila asubuhi akawa anatoka pale na kikombe cha chai, anaegemea ukingo, anautazama mto. Kosa jingine hakufanya. Alikunywa chai tu.

Mlinganishi Mkuu alimwangalia kwa darubini mwezi mzima. Alikonda, maskini. Chai aliyoletewa akawa anairudisha jikoni, eti ina ladha ya sakafu. Mwishowe akatuita uwanjani.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti ilimtetemeka kweli, "usingizi sina. Yule bwana anakunywa chai hewani, mimi nakunywa chai chini. Je, huo ni ujirani mwema?"

"Siyo!" tukaitikia.

"Basi nataka roshani. Na itokeze kuliko yake."

Tukapiga makofi, kila mmoja kwa kiasi, maana anayepiga kwa nguvu kuliko wenzake hushtakiwa.

*

Kazi ya kuichora akapewa Mhandisi Tunu Lukanga. Roho iliniuma, siwafichi, lakini iliniuma kwa ajili ya haki. Mimi naitwa Chande Mkwiro, na ni mhandisi vilevile. Tunu nimesoma naye. Darasa moja, dawati moja, vumbi la chaki lile lile likituingia puani sote wawili. Vyeti vyetu vina muhuri mmoja. Tofauti yetu ni siku moja tu: siku lilipofundishwa somo la msokoto, mimi nilikuwa naumwa jino. Sasa niambieni, jino ni kitu cha kumkosesha mtu roshani?

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Yeye achore, na mimi niwe Katibu wa Kamati ya Kulinganisha Ujenzi, yaani nipange viti na kuwakumbusha waheshimiwa walichokuwa wanasema kabla hawajasinzia.

Na uchungu wenyewe hasa ni huu. Kwetu, aliyelichora jengo la taifa ndiye anayesimama mkono wa kulia wa Mlinganishi Mkuu siku ya uzinduzi. Picha inapigwa, inatundikwa kila ofisi, kila shule, kila zahanati. Nimeitamani picha hiyo tangu niko kijana. Nilikuwa nikioga naiona, nikila naiona. Na sasa nilipofumba macho nikamwona Tunu ndani yake, anacheka na yale meno yake yasiyouma.

*

Siku ya kikao Tunu alibandika mchoro wake ukutani. Ulikuwa mchoro mzuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilishindwa kumeza mate nilipouona.

"Waheshimiwa," alianza, "hii bimu hapa, boriti hii ndefu ya zege, inalala kutoka nguzo ya mashariki hadi nguzo ya magharibi. Roshani yote inaning'inia upande wake mmoja, wa nje. Upande wa ndani ni ukumbi mtupu mpaka kwenye paa, hakuna sakafu ya kuivuta irudi. Kwa hiyo bimu hii haibebi tu. Inasokotwa."

Wajumbe wakatazamana. Tunu akatoa chaki nzima kwenye mkoba, akaishika huku na huku, akaikamua kama mtu anayekamua nguo mbichi. Ikakatika.

"Tazameni ilivyokatika. Si wima. Imekatika mshazari, inazunguka. Na zege likisokotwa hukatika hivi hivi."

Hapo kikao kilisimama kidogo, kwa sababu mjumbe wa Mkoa wa Mashariki alilalamika kwamba mhandisi ana chaki na yeye hana. Ikaletwa boksi nzima, kila mheshimiwa akapewa ya kwake, na kwa muda ukumbi ulijaa watu wazima wanaokamua chaki na kuoneshana. Walifurahi sana. Hakuna aliyekumbuka kuuliza maana yake nini.

Tunu alisubiri wamalize. "Dawa yake," akaendelea, "ni ringi. Hivi vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo. Karibu na nguzo, huku na huku, ndiko uzito unakotaka kuikata bimu, na ndiko msokoto unakozidi. Kwa hiyo kule ringi zimesongamana. Katikati nguvu hizo zinapungua, basi ringi zimeachana."

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha pembeni, kimya, sina neno na mtu. Niliuliza tu kiswali. Nilisema, "Waheshimiwa, naomba tu kueleweshwa. Mashariki ringi nyingi, magharibi ringi nyingi. Kati kuna nini?"

Kilichofuata hakinihusu.

Mheshimiwa Havijawa Ngoto, mjumbe wa Mkoa wa Kati, mama mnene mwenye sauti ya kupasua nazi, alisimama polepole mpaka kiti kikamfuata.

"Eti nini?" alisema. "Hebu rudia, Katibu. Kati ringi chache?"

"Ndivyo mchoro unavyoonesha, mama. Sijui, labda sijauelewa."

"Umeuelewa!" Akageukia wenzake. "Watu wa Kati tumevumilia mengi jamani. Barabara ilianza pembeni, tukanyamaza. Bomba la maji likaanza pembeni, tukanyamaza. Leo hata chuma kilichomo ndani ya zege, kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona, nacho tumenyimwa! Tumewakosea nini?"

"Mheshimiwa mama," Tunu akasema kwa adabu zote, "bimu haina mikoa."

"Haina mikoa kwako wewe uliyeshiba ringi!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mjumbe wa mashariki, ambaye sekunde chache kabla hakujua kama ana ringi, aliapa kutotoa hata moja. Wa magharibi alilia. Hatimaye ikapitishwa kwamba ringi zote zikusanywe, zihesabiwe kwa haki, na zipangwe kwa nafasi moja kutoka mwisho hadi mwisho, ili pasiwe na sehemu ya bimu inayojiona bora.

"Mtaua watu," Tunu alisema.

"Kwa usawa," Havijawa akamjibu.

Nami nikauliza tu kingine. "Hizi nondo za ubavuni," nilisema, "maana Mhandisi ametueleza kwamba nondo za chini ndizo zinazobeba. Hizi za ubavuni zimesimama tu hapo. Zinafanya kazi gani?"

"Zinashirikiana na ringi kuzuia msokoto," Tunu akasema, akanitazama moja kwa moja. "Na wewe Chande unajua, au ungejua."

Hilo la "ungejua" ndilo lililoniunguza. Mbele za watu! Lakini wajumbe hawakusikia. Walikuwa wamesikia kwamba kuna nondo zimesimama tu. Nchi yetu imepata taabu sana na wafanyakazi hewa, watu wanaopokea mshahara bila kuonekana kazini, na sasa kumbe kuna nondo hewa. Zikafutwa kazi hapo hapo.

La mwisho halikuwa langu, lilikuwa la desturi. Kwetu kila kitu cha taifa lazima kila wizara ipate kipande. Simba alipokufa kwenye bustani ya ikulu, Wizara ya Mawasiliano ilipewa sikio. Kwa hiyo wizara zikauliza: katika bimu hii, sisi tunapata nini? Ikaamuliwa kila ringi ikatwe upande wa juu, kile kipande cha kufungia kitolewe, kigawiwe wizarani kiwekwe kwenye kabati la vioo. Ringi zibaki wazi juu, kama kikombe.

Tunu alipauka. Akafungua mkoba, akarudisha kipande chake cha chaki ndani, akaufunga.

"Nisikilizeni, nitasema mara moja," alisema. "Ringi isiyofungwa ni mkanda usiofungwa. Ukisimama wima, suruali itakaa. Siku utakayogeuka, mtaniambia. Hiyo bimu si yangu. Futeni jina langu."

Akatoka. Na hata kutoka kwenyewe alitoka vizuri, kichwa juu, mlango akaufunga taratibu bila kuubamiza. Mimi ningeubamiza. Nilikaa pale nikimwonea wi... hapana, nikimsikitikia.

Nikaandika maamuzi yote yakawa Sheria ya Ringi Sawa. Niliiandika kwa Kiswahili kizuri, na kwa hasira kidogo nikaongeza kifungu changu mwenyewe: kwamba ni marufuku katika Sawasawa, milele na milele, ringi yoyote kufungwa.

*

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa zuri. Bendi ya taifa ilijipanga chini, mbele kabisa ikiwa ngoma yake kubwa yenye nembo ya taifa. Mlinganishi Mkuu alipanda ngazi ya ukumbini, akatoka kwenye roshani, na Kamati nzima ikatoka naye kwa pamoja, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake atangulie. Mlango uling'oka bawaba.

Mkono wake wa kulia palikuwa na nafasi tupu, nafasi ya mchoraji. Jamani, niliionea wivu hata nafasi tupu. Nikaitazama, nikaitazama, nikaingia. Mpiga picha akasema tusogee mbele kidogo, ukingoni, tuonekane vizuri. Tukasogea sote.

Mlinganishi Mkuu akainua kikombe kuelekea mto. Kule ng'ambo yule jirani naye akainua chake, kwa heshima, mtu wa watu. Halafu nikasikia sauti nyuma yetu, ya kukwaruza, ndefu, ya kitu kikavu kinachokamuliwa. Niligeuka. Karibu na nguzo ya mashariki bimu ilikuwa imechanika mshazari, na ufa unapanda, unazunguka. Nikaikumbuka chaki.

"Mbona chai inamwagika upande mmoja?" Mlinganishi Mkuu akauliza.

Sakafu iliinama taratibu, bila haraka, kama sinia linalomwagwa mchele, na serikali yote ikateremka. Mheshimiwa Havijawa alinasa ukingoni kwa kanga yake akabaki ananing'inia, anapiga kelele kwamba wenzake wamefika chini na yeye amecheleweshwa. Mtukufu alitua juu ya ngoma kubwa, akaitoboa, akazama mpaka kiunoni. Bendi, kwa kuwa haikupewa maelekezo mengine, iliendelea na wimbo wa taifa.

Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Mtukufu alivunjika mguu wa kushoto, akafungwa plasta. Mchana huohuo foleni ya viongozi ilizunguka hospitali, kila mmoja anataka plasta ya mguu wa kushoto. Mimi niliangukia maua, sikupata hata mkwaruzo, na niliona haya sana. Nikafungwa plasta hivyo hivyo. Niliomba miguu yote miwili, nikaambiwa nisimzidi Mkuu.

*

Uchunguzi ulifanywa na walewale waliodondoka, ili kusiwe na upendeleo.

"Je, kuna mtu aliyejua kwamba bimu itajisokota?" Mwenyekiti akauliza.

"Mhandisi Tunu Lukanga alijua," nikajibu.

"Na wengine walijua?"

"Hawakujua, Mwenyekiti."

"Basi kosa limepatikana. Alijua peke yake."

Tunu akahukumiwa kuurudisha ujuzi wake serikalini, ugawanywe. Askari walipofika kwake kuuchukua, walikuta nyumba imefagiwa na funguo ziko juu ya meza. Alikuwa ameshavuka mto. Kule walimpokea, wakampa kazi, na kazi waliyompa, shikeni vifua, ni kuirefusha ile roshani yao. Akairefusha. Watu wakapanda, watoto wakaruka juu yake, hata haikuguna. Na sasa kila asubuhi pale ng'ambo kuna vikombe viwili. Mkuu wao ana chake, na Tunu ana chake. Kwenye darubini nimemwona akitia sukari.

Vijiko vitatu! Kwetu ni kimoja kwa kila raia.

*

Mlinganishi Mkuu naye alimwona. Alipiga fimbo yake sakafuni. "Nataka nyingine," alisema. "Na itokeze kuliko hiyo ya sasa. Nani anachora?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Katika Sawasawa nzima mhandisi mwenye muhuri amebaki mmoja. Havijawa mwenyewe akasema, "Si yupo Chande wetu?"

Nililia. Machozi yalinitoka ya furaha, sikuyazuia. Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia atafute mahali pa kuitundika picha. Miaka yote ile nikimwangalia Tunu anapita mbele yangu, na sasa kumbe zamu yangu ilikuwa njiani.

"Ila tumejifunza," Mlinganishi Mkuu akaendelea. "Siku ya uzinduzi mchoraji atatangulia. Atasimama ukingoni kabisa, peke yake, apige mguu chini kama askari, kwa nguvu, mpaka wimbo wa taifa uishe. Akibaki juu, nami nitatoka."

Machozi yakakauka.

Nilikaa na karatasi yangu siku nyingi. Uzito nilikokotoa. Mkato nilikokotoa, hilo somo nilikuwepo. Nilipofika kwenye msokoto nikahisi jino linaanza upya, na lilishang'olewa zamani. Lakini jambo moja nililijua, hata bila somo. Nikaenda mbele ya Kamati nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba labda safari hii ringi zisongamane kidogo karibu na nguzo, na labda, labda tu, zifungwe.

"Zifungwe?" Havijawa akaguta. "Kwani wewe ni Tunu? Unataka kuwa zaidi yetu? Sheria hiyo nani kaiandika?"

Nikasema ilikuwa rasimu tu.

"Imeandikwa milele na milele. Kiswahili kizuri kabisa."

Ikanibidi niende mtoni. Mto wetu ni mwembamba. Ukipiga kelele unasikika. Nilisimama kwenye matope na plasta yangu, nikamwita. Tunu akaja akainama juu ya ukingo wa roshani, kikombe mkononi.

"Chande wewe! Mzima?"

"Mzima! Tunu, mwenzangu, hebu nisaidie. Msokoto unakokotolewaje?"

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Aliweka kikombe chini akanielekeza kwa sauti, pole pole, kama zile jioni alizokuwa akinielekeza hesabu kabla ya mtihani, na wakati huo pia nilimchukia kwa wema wake.

"Lakini yote hayo ni bure," akamalizia, "kama ringi haikufungwa. Funga ringi, Chande! Weka na zile nondo za ubavuni!"

"Sheria hairuhusu!"

"Sheria ya nani?"

Upepo ulikuwa unavuma kidogo, nikajifanya sijasikia.

"Basi vuka!" akaita. "Mto wenyewe huu, maji magotini! Kazi ipo, na kikombe kipo!"

Nikautazama mto. Kweli yalikuwa magotini. Nikamtazama yeye pale juu, na nikajua nikivuka nitakuwa msaidizi wake. Nitakaa chini yake mezani. Atanisogezea sukari. Nikamwambia nina uzinduzi, siwezi kuwaangusha watu wangu.

Aliinama akakiokota kikombe chake. "Haya," akasema. "Mungu akuhifadhi."

*

Uzinduzi ni kesho asubuhi. Ringi ziko sawa kwa sawa, wazi juu, kisheria kabisa, na kila wizara imeshapata kipande chake. Bendi imenunuliwa ngoma mpya, ile ile yenye nembo, na wameiweka mahali pale pale. Nimenyoa ndevu. Suti imepigwa pasi, na mkanda wa suruali nimeujaribu mara kadhaa, unafunga vizuri. Mpiga picha alikuja leo kupima. Ameniambia nitatokea peke yangu katika picha nzima, hakuna wa kunikinga.

Sina hofu, na nasisitiza tena kwamba sina wivu. Kuna jambo moja tu linaloniuma. Nilichungulia kwenye darubini jioni hii nikaona wameshapanga viti viwili kwenye roshani yao, vimeelekezwa huku kwetu. Yaani hata nikianguka kwangu, kwenye roshani yangu, kwa mchoro wangu mwenyewe, atakayeona vizuri kuliko wote ni Tunu.